Mbuga, mlima au bahari? Hesabu mibebo kwanza

"Hakuna shida kaka, tutakubeba."

Sentensi hiyo nimeisikia kwenye simu mara nyingi mno, na siku hizi mtu akiitamka tu namuuliza: mara ngapi? Kimya kinachofuata ndicho kinachonipa jibu.

Safari yangu ya kwanza ya mbugani nikiwa kwenye kiti cha magurudumu ilikuwa ya siku mbili na usiku mmoja. Nilibebwa mara 23. Nilianza kuhesabu bega la kushoto lilipoanza kuuma, na jioni ya kwanza dereva naye alikuwa ameshika kiuno. Simba niliwaona, sikatai, lakini mpaka leo ninachokikumbuka vizuri zaidi ni kwapa la yule dereva. Tangu hapo kila safari naipima kwa mibebo. Mbebo mmoja ni kila mara mtu mwingine anapolazimika kuunyanyua mwili wangu kutoka sehemu moja kwenda nyingine kwa sababu mwenyewe siwezi. Kutoka kitini kwenda kitandani nahama peke yangu, hiyo siihesabu. Kuanguka pia sikuhesabu, ingawa kumetokea.

Mimi niliumia uti wa mgongo usawa wa kifua, ajali ya bodaboda. Mikono yangu mizima. Kama wewe umeumia shingoni, au ulipata polio utotoni, au unasafiri na mama aliyepata kiharusi, namba zako zitakuwa nyingine. Maswali ni yale yale.

MBUGANI

Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba mbugani kila mtu amekaa. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kushuka garini ila kwenye maeneo yaliyotengwa, kwa hiyo ukishapita lango, anayetembea na asiyetembea wote ni abiria. Ndiyo maana anayeanza namwambia aanzie mbugani. Shida haiko kwa wanyama. Iko kwenye mlango wa gari, choo na kitanda.

Tuanze na gari. Land Cruiser ya kitalii, ile iliyorefushwa na kuwekewa paa la kunyanyuka, iko juu sana. Nikiwa kwenye kiti changu, kiti cha gari kiko usawa wa kidevu changu. Kunipandisha kunataka watu wawili: mmoja ndani ananivuta kwa kwapa, mwingine chini anasukuma mapaja. Kupanda asubuhi, kushuka langoni, kupanda, kushuka chakula cha mchana, choo, kupanda tena: siku ya kawaida inafika mibebo minane hadi kumi na miwili. Gari lenye lifti ya kunyanyua kiti cha magurudumu, lililoondolewa kiti kimoja au viwili ili kitimwendo kifungwe sakafuni kwa mikanda minne, linaishusha hesabu hiyo karibu na sifuri. Magari hayo yapo Arusha na Nairobi, ila ni machache. Inabidi uagize miezi kadhaa kabla, na bei inapanda.

Katikati ya hayo mawili kuna njia ambayo mawakala hawaitangazi kwa sababu haina faida kwao: gari la chini. Kenya bado wanatumia vigari vya abiria vyenye mlango wa kusukuma na paa la kunyanyuka, na sakafu yake iko chini kiasi kwamba ndugu yako mmoja mwenye nguvu anatosha kukuingiza. Hata gari dogo la nyumbani linaingia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wakati wa kiangazi. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, iko mlangoni mwa jiji, na ndani yake kuna simba, faru, twiga na nyati. Tembo hakuna. Ukichoka, unarudi nyumbani kulala kwenye kitanda unachokijua, na hilo peke yake linakuokolea nusu ya mibebo. Jirani yake, upande wa Langata, kuna Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi ambapo unajisukuma mwenyewe kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Wanyama wa pale wako kwenye mazizi, kwa hiyo mpenda pori atanuna. Mimi sikununa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwamba watoto wa dada yangu walilazimika kunikimbiza.

Kwa wa Dar, Mikumi ndiyo Nairobi yenu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na twiga unaweza kuwaona hata ukiwa kwenye basi. Treni ya SGR hadi Morogoro, kisha gari dogo: mwili unafika haujachoka.

Ukiwa tayari kwa kubwa zaidi, linganisha Tarangire na Ngorongoro, kwa sababu kutoka Arusha ndizo zinazogombaniwa. Tarangire iko karibu, lami inafika karibu na lango, na kuanzia Juni hadi Oktoba tembo hujazana mtoni. Tembo ni mnyama rafiki kwetu. Hata ukiwa umelala chali utamwona. Kuna ndorobo, vaa suruali ndefu, hasa kama miguu yako haisikii maumivu ya kuumwa. Ngorongoro barabara ni mbaya kuanzia lango la Lodoare, na kushuka kreta ni kama mita 600 za kona na mtikisiko. Lakini chini kule majani ni mafupi na uwanja ni wazi, jambo ambalo mtu mwenye miguu hawezi kulijua thamani yake. Kwingine wenzako wakisimama kwenye paa wanaona chui mtini, wewe umekaa unaangalia majani na viuno vya watu. Ndani ya kreta, aliyekaa haibiwi kitu.

Tahadhari ni baridi. Ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200 na asubuhi hutetemesha. Sisi tulioumia uti wa mgongo juu, mwili haujui kujipasha wala kutoa jasho chini ya pale palipoumia. Nimewahi kufika kifungua kinywa meno yakigongana huku wenzangu wamevaa fulana. Blanketi la Kimasai liwe mapajani, si kwenye begi.

Halafu choo. Madereva wetu wana tiba ya kila kitu: mnasimama, mnachimba dawa nyuma ya tairi, mnaendelea. Mimi siwezi kuchimba dawa. Natumia mpira wa mkojo na chupa, nahitaji pazia na dakika kumi, na nahitaji dereva aliyeambiwa mapema ili asigeuke kuniuliza kama niko sawa. Vyoo vya maeneo ya mapumziko vingine vina mlango mpana na vyuma vya kushikilia, vingine vina ngazi mbili na mlango wa sentimita 60. Usimuulize dereva kama choo "kiko poa". Muulize kama kiti kinaingia na mlango unafungwa nyuma yako. Na usipunguze kunywa maji ili kukwepa yote haya. Wengi tunafanya hivyo, na wengi tunarudi nyumbani na homa ya njia ya mkojo.

Malazi nitayapita haraka. Mahema ya kifahari yanapendeza kwenye picha, lakini mengi yamekaa juu ya jukwaa la mbao lenye ngazi, na njia yake ni kokoto. Nyumba ya tofali ya kawaida pale Karatu au Mto wa Mbu hushinda hema la dola mia tano. Kuna sehemu waliniahidi chumba cha watu wenye ulemavu. Chumba kilikuwepo kweli, chenye alama ya kiti mlangoni, ila mlango wa bafu ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Usiku mbili nilioga kwa kitambaa na beseni nikiliangalia bafu kwa mbali.

Serengeti kwa ndege ndogo inavutia kwa sababu inakukwepesha saa nyingi za vumbi. Lakini ndege za abiria kumi na wawili zinazotua kwenye viwanja vya porini zina ngazi nyembamba ya kukunjua, na mizigo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, kwenye begi laini. Kiti cha kusukuma kinachokunjika kinapita. Kiti cha betri, uzito wake na ile betri, mara nyingi hakipiti. Kama hicho ndicho unachotumia, safiri kwa barabara.

MLIMANI

Kilimanjaro yenye mita 5,895 imeshafikiwa na watu wa viti. Bernard Goosen wa Afrika Kusini alifika kileleni kwa kitimwendo mwaka 2003 na akarudi tena 2007. Mmarekani Chris Waddell alipanda 2009 kwa baiskeli ya mikono yenye magurudumu manne, na Mwingereza Martin Hibbert, aliyepooza kwenye shambulio la Manchester, alifika 2022. Nawataja ili asitokee mtu kukwambia haiwezekani. Nawataja pia ili ujue kila mmoja alikuja na chombo kilichotengenezwa kwa ajili yake, mazoezi ya muda mrefu na kikosi kizima cha watu. Huo si ununuzi wa wikiendi.

Kinachowezekana kwa mtu wa kawaida ni sehemu ya chini. Njia ya Marangu, kutoka langoni kwenye kama mita 1,870 hadi vibanda vya Mandara kwenye mita 2,720, ni msitu wa mbega na mizizi. Chombo chake ni kiti cha gurudumu moja, aina iliyobuniwa Ufaransa miaka ya 1980 na mwongozaji wa milima Joël Claudel kwa ajili ya mpwa wake: mikono miwili mbele, miwili nyuma, wewe katikati kama bibi harusi. Waongozaji wa Kilimanjaro hawakishangai, kwa sababu machela yao ya uokoaji nayo hukimbizwa juu ya gurudumu moja.

Tulikiazima. Tulikuwa na watu wanane wa kupokezana, wawili wawili, na wa tatu akishika kamba kwenye mwinuko. Aliye mbele anaita, wa nyuma anaitikia: "Mzizi!" "Nimeuona!" "Jiwe kushoto!" "Pita!" Baada ya saa ya kwanza niligundua nimekunja ngumi kana kwamba mimi ndiye ninayebeba. Kijana wa nyuma akaniambia, "Mzee, legea, ukikaza unakuwa mzito." Nina miaka 38, lakini mlimani ukibebwa unakuwa mzee. Nililegea, na kweli wakaenda haraka zaidi.

Kwa hesabu yangu mlima una mibebo michache, minne kwa siku, lakini kila mmoja ni wa saa tatu. Ni jambo la kujiuliza kabla hujalipa: unaweza kukaa mikononi mwa watu wengine siku nzima bila kuona haya? Mimi nilijituliza kwa kuwaangalia wageni waliotupita. Mwenye miguu miwili anabebewa hema, chakula, meza na wakati mwingine choo. Mimi nilibebewa vyote hivyo pamoja na mimi mwenyewe. Tofauti yetu ni kilo.

Na kilo ndizo pesa. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, kwa hiyo piga hesabu uzito wako na wa kiti, kisha ongeza watu wa kupokezana. Wakala anayekwambia wanne wanatosha anawaonea wao na anakuhatarisha wewe. Walipe vizuri, na bakshishi wape mkononi, mmoja mmoja.

Kupita Mandara sishauri bila daktari anayekujua. Kileleni hewa ya oksijeni ni kama nusu ya iliyoko pwani, na dalili za ugonjwa wa mwinuko, yaani kichwa, uchovu na kichefuchefu, zinafanana sana na siku mbaya ya kawaida ya mtu mwenye uti wa mgongo ulioumia. Unaweza usijue unaumwa nini.

BAHARINI

Bahari ndiyo niliyoidharau, na ndiyo ninayoirudia.

Mchanga kwanza, maana ndio adui. Magurudumu madogo ya mbele yanazama kama kisu kwenye siagi. Dawa yake ni kugeuzwa kinyumenyume na kuvutwa juu ya magurudumu makubwa. Vipo viti vya ufukweni vyenye matairi mapana ya hewa. Hoteli ikiwa nacho, ulizia kama kina upepo, maana nimekuta kimoja kimegeuzwa kitanda cha paka.

Kwa Unguja chaguo kubwa ni kati ya kaskazini na mashariki, na anayetembea huchagua kwa muziki na bei. Wewe chagua kwa maji. Nungwi na Kendwa, maji yakipwa hayaendi mbali, kwa hiyo saa yoyote bahari iko karibu. Lakini mchanga wake ni laini, na kutoka kitini hadi majini ni mibebo miwili mizito. Paje na Jambiani maji yakipwa yanakimbia mbali sana, ukaogelee wapi. Hata hivyo mchanga unaobaki ni mgumu na bapa. Asubuhi ya maji kupwa nilijisukuma mwenyewe Paje hadi mikono ikachoka, nikiwapita kina mama wa mwani, bila mbebo hata mmoja. Kuogelea unasubiri maji yajae. Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi: wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kama mita nne, wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na ratiba yako haitavurugika sana.

Mji Mkongwe upe nusu siku na mtu wa kukusukuma. Vichochoro ni bapa kuliko unavyodhani, tatizo ni vizingiti vya milango na vespa.

Sasa kupiga mbizi. Kuzamia kwa mitungi kwa watu wenye ulemavu kuna mafunzo yake rasmi. Chama kimojawapo cha kuwafundisha kilianzishwa California mwaka 1981. Utahitaji cheti cha daktari na mwalimu aliyesomea hilo, na kwetu pwani ni wachache, kwa hiyo mtafute mwalimu kwanza, hoteli baadaye. Kama hayupo, miwani na mrija wa kupumulia vinatosha kwa kuanzia.

Siku yangu Nungwi vijana wawili walinitoa kitini, mmoja kwapani, mmoja magotini, wakaingia majini hadi kifuani na kuniachia. Miguu ikapanda juu yenyewe. Misuli iliyokonda haina uzito, na mwalimu alilijua hilo. Akanifunga vipande vya risasi kwenye vifundo vya miguu hadi mwili ukanyooka. Alinivalisha pia suti ndefu ya mpira, si kwa baridi, ila kwa sababu tumbawe linaweza kuchana paja langu nisijue mpaka nione maji yamebadilika rangi. Glovu zenye utando katikati ya vidole zikawa ndiyo mapezi yangu. Kwa dakika arobaini sikuwa na hesabu yoyote ya kufanya.

Kupanda boti baadaye kulinirudisha duniani. Ngalawa nyembamba ina ukingo wa chini, unavutwa na kukalishwa. Boti ya mashine yenye ngazi nyuma ni ngumu zaidi, na jua la saa saba huwezi kulikimbia. Siku nzima ya bahari ni mibebo sita, miwili kati yake mchangani, na hiyo miwili ndiyo iliyowahi kuniumiza.

Kuna la nne ambalo nalitia hapa kwa upendeleo. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni hifadhi ndogo ya kilomita za mraba 68 ambako wageni wanaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli. Ukiwa na baiskeli ya kupiga kwa mikono, hata ile ya magurudumu matatu wanayotumia wenzetu sokoni, unaingia barabara ya vumbi katikati ya pundamilia kwa nguvu zako mwenyewe. Korongo lenyewe usishuke: ni mawe na sehemu za kuparamia, na mafuriko ya ghafla yameua watu mle ndani. Ya barabarani yanatosha.

UCHAGUE IPI

Safari ya kwanza, au mzee wa kiharusi anayechoka haraka: Nairobi au Mikumi, gari la chini, siku moja. Mwenye pesa zaidi kidogo na wasaidizi wawili: Tarangire kiangazi. Ngorongoro nenda ukipata gari la lifti. Bila lifti, siku moja tu. Aliyeumia shingoni na asiyestahimili baridi wala joto, mbuga ya asubuhi ni salama kuliko ufuko wa mchana. Mwenye mikono yenye nguvu na roho ya kuchezacheza, bahari. Mlima ni wa mwenye marafiki wengi, au pesa nyingi za kuwalipa watu wanaogeuka kuwa marafiki.

Sheria zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 unataja utalii wazi katika ibara ya 30, Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na Kenya imetunga mpya 2025. Nazishukuru, ila hakuna hata moja iliyowahi kunishusha garini. Kwenye simu kinachosaidia ni tepu ya fundi. Waombe vipimo kwa sentimita: upana wa mlango wa chumba na wa bafu, kimo cha kitanda, idadi ya ngazi na kimo cha kila moja. Ngazi ya sentimita 15 inataka ubao wa mteremko wa sentimita 180. Ukiwaambia namba hiyo, fundi wa kijijini anauchonga kwa nusu siku. Waombe picha, na tepu iwe ndani ya picha. Anayekujibu "hakuna shida" bila picha, mshukuru na ukate simu.

Wiki iliyopita nilipiga sehemu moja Karatu. Akapokea dada mmoja, akaanza, "Hakuna shida kaka..." akanyamaza mwenyewe. Akasema, "Ngoja nikapime." Baada ya robo saa picha ikaingia: mlango wa bafu, tepu ya njano, kidole chake kwenye 74. Kiti changu ni 66. Nimetuma kianzio.